Lori Langoni kwa Mama Laurentine

Asubuhi waliyomzika Mama Marlène, Fidélie alifungua lango akakuta ukuta wa bluu mbele yake.

Lilikuwa lori la samaki. Lilisimama pembeni mwa barabara iendayo bandarini, magurudumu yake ya nyuma yamekalia kidaraja cha zege kinachovuka mtaro. Mtu mwenye miguu mizima angeuruka mtaro ule akaenda zake. Mama Laurentine, mamake Fidélie, hakuwa na miguu ya kuruka kitu. Tangu alipopata kiharusi alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu matatu, na kidaraja kile ndiyo ilikuwa njia yake moja tu ya kutoka nje.

Si kwamba lori lilikuwa jambo geni pale. Bohari ya barafu ilikuwa karibu, na Fidélie alioka mikate kwenye tanuru la udongo uani. Madereva waliovuta harufu ile walisimamisha magari yao popote, wakanunua, wakala, wakapiga soga. Naye alivumilia. Mtu anayekuzibia njia akiwa ndiye anayenunua mkate wako, utamfokeaje?

Lakini leo mama alikuwa amekwisha kuvaa nguo nyeusi. Mama Marlène alikuwa rafiki yake wa tangu Pweto, upande wa Kongo. Walivuka ziwa pamoja wakikimbia vita, wamejifunika kitenge kimoja ndani ya mtumbwi uliojaa watoto wanaolia. Kule kambini Kenani walilala hema moja. Na sasa gari la kanisa lilikuwa linangoja kwenye barabara kuu ya Kashikishi, liwachukue waombolezaji hadi makaburini kambini, na halingengoja sana.

"Ngoja mama," Fidélie alisema. "Minaenda kumutafuta mwenyewe."

Aliuruka mtaro, akashuka ufukweni mbio. Wanawake walikuwa wanatandaza chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa, juu ya mchanga ili vikauke. Aliwauliza, wakamwonyesha kwa midomo. Dereva wa lori alikuwa kando ya mtumbwi, suruali ameikunja magotini, anapanga samaki ndani ya sanduku la barafu huku anacheka na wavuvi. Jina lake Davies. Alikuwa Mzambia wa hapo Nchelenge, lakini biashara yake ilikuwa na wavuvi wa Kilwa, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili alikijua vizuri.

"Motuka ya bluu ni yako?"

"Ni yangu, mukwai," alijibu kwa adabu, bila kuinua kichwa. "Unataka kupakia mzigo?"

"Nataka uitoshe pa mulango yetu. Mama yangu hawezi kupita."

"Nakuja sasa hivi, dada. Nimalize hili sanduku, barafu inayeyuka."

"Mama eko anangojewa."

"Nimesema nakuja. Na tena ile barabara ni ya serikali."

"Barabara ni ya serikali," Fidélie alisema. "Mulango ni ya mama yangu."

Wavuvi waliangua kicheko. Davies naye akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka akiona wenzake wanacheka. Hakukataa kwenda. Alichelewa tu. Alimaliza sanduku lile, akaanza jingine, akajibizana na mnunuzi mmoja kuhusu uzito wa samaki, na Fidélie akasimama pale mchangani, kifua kinapanda na kushuka, hajui kama alie au amwage barafu yote ziwani.

Davies alipofika kwenye lori, lango lilikuwa wazi. Nyuma ya gurudumu lake alimwona bibi kizee aliyevaa nguo nyeusi, ameketi kwenye kiti chake, mikono ameilaza juu ya mapaja. Hakumkemea. Wala hakumtazama. Alikuwa anaangalia barabara.

Davies aliwasha gari, akalisogeza haraka, na Fidélie akakisukuma kiti hadi barabara kuu, kitambaa cha kichwani kimemdondoka naye hakukiokota. Walikuta vumbi tu. Gari la kanisa lilikuwa limekwenda.

Walipogeuka, Davies alikuwa amewafuata kwa miguu, ameshika kile kitambaa.

"Mlikuwa mnaenda wapi?" aliuliza.

"Ku mazishi," Fidélie alisema.

Uso wa mwanamume ulibadilika. "Pandeni. Niwapeleke mimi. Nitakimbiza."

Mama Laurentine ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Apana, mutoto wangu. Mutu anaagwa na bantu wakiimba. Tukifika, watakuwa wamemaliza kuimba. Fidélie, turudie nyumbani."

Fidélie alikichukua kitambaa chake mkononi mwa Davies. Macho yao yalikutana hapo kwa mara ya kwanza. Yake yalikuwa makavu na yanawaka. Ya Davies yaliinama.

*

Siku chache baadaye alikuja kwa miguu. Lori alikuwa ameliacha mbali, kwenye uwanja wa bohari ya barafu. Mkononi alikuwa na samaki wawili wakubwa wa ziwani, wamefungwa kwa kamba ya ukindu.

"Samaki ubakie nao," Mama Laurentine alisema kabla hajaketi. "Sema kile kilikuleta."

Davies aliwaweka samaki chini. Akapiga magoti kwa desturi ya kwao, akagonganisha viganja taratibu.

"Mama, nilikuzibia njia, hukumzika rafiki yako. Nilisikia baadaye alikuwa nani kwako. Sijui nifanye nini. Nimekuja tu kusema kwamba ni mimi niliyefanya."

Fidélie alikuwa kwenye tanuru, amewapa mgongo, anasikiliza.

"Sina hasira na weye," mama alisema. "Niko na masikitiko. Si kintu kimoya. Hasira inaisha kama mutu anaomba pardon. Masikitiko, apana. Unaelewa?"

"Ninaelewa, mama."

"Bon. Basi siku moya unipeleke kwa Marlène. Sikumuaga."

Alimpeleka kesho yake. Alimbeba mama mikononi akamweka ndani ya lori kama mtu anayebeba mayai, akafunga kiti chake nyuma kwa kamba, akaendesha polepole njia nzima huku magari mengine yakimpita na kumpigia honi. Makaburini mama aliomba asogezwe karibu, kisha aachwe peke yake. Walimwona kwa mbali akizungumza, akinyamaza kidogo kama anayejibiwa, tena akizungumza.

Fidélie na Davies walisimama kando ya lori.

"Juu ya nini ulikuja?" Fidélie aliuliza. "Wengine wote wanapaki pale. Hakuna mwenye alishakuja kuomba pardon."

"Ni mikono yake. Nilimwona alivyoilaza mapajani. Mtu anayekutukana, unamsahau ukifika Mansa. Yeye hakunitukana. Nimekwenda na mzigo, nimerudi, mikono ile bado naiona."

Fidélie alimtazama kwa upande, asionekane kwamba anamtazama. Aliona shingo iliyochomwa na jua na vidole vyenye makovu ya miiba ya samaki. Akajiambia kwamba mwanamume anayesumbuliwa na mikono ya mwanamke mzee si mtu wa kuchukia. Akajiambia pia aache kufikiri.

*

Lakini nani aliwahi kuacha kufikiri kwa kujiambia?

Davies sasa aliliacha lori boharini na kuja kwa miguu kununua mkate. Akimkuta dereva mwingine amekalia kidaraja, alimwendea. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, humo ndani kuna mama mwenye kiti, sogea mbele kidogo." Wengi walisogea. Wachache walimtukana, wakamuuliza amekuwa askari wa Wakongomani tangu lini. Siku moja mmoja alimsukuma kifuani, Davies akaanguka mtaroni, akatoka na matope hadi kiunoni, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Yule mtu alisogea, labda kwa aibu.

Fidélie alimpa maji ya kunawa na mkate wa moto.

"Watakuua juu ya daraja," alisema.

"Si kwa sababu ya daraja."

Alipolisema hilo alikuwa anamtazama waziwazi, matope yanamchuruzika, na Fidélie alisikia joto limempanda hadi masikioni, joto ambalo halikutoka kwenye tanuru.

"Fidélie, nataka kuleta wazee kwenu."

Alingoja. Fidélie aligeuza mikate ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Usiniambie hivi leo," alisema mwishowe.

"Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna mutu. Kuko kule." Alionyesha ziwa kwa kidevu. "Baba amelala kule Pweto. Kila jioni mama anasema, nikifa munipeleke kwa bwana wangu. Mi niko hapa, naoka mikate, najifunza Kibemba, lakini sijui kama niko mutu wa huku ama wa kule. Utaoa mutu mwenye hajui?"

"Nitangoja ujue."

"Na nisipojua?"

Davies alikunja mkate wake kwenye gazeti, akaaga. Usiku ule Fidélie hakulala vizuri. Alikuwa amemrudisha mtu, na kila akigeuka kitandani alimkuta bado yupo.

*

Jumamosi iliyofuata lori la bluu lilikuwa tena juu ya kidaraja.

Fidélie aliliona akitoka kuchota maji, na moyo ukamshuka. Kwa hiyo ndiyo hasira yake, alifikiri. Nimemwambia angoje, ananilipa hivi. Aliweka ndoo chini, akaenda akapiga mlango wa lori kwa kiganja.

Mlango ulifunguka, akashuka mwanamke. Alikuwa mnene kidogo, wa makamo, chitenge kimefungwa vizuri, funguo za gari mkononi. Uso ulikuwa wa Davies, ila macho yalikuwa yamechoka zaidi.

"Mimi ni Memory," alisema kwa Kibemba. "Davies ni mdogo wangu. Lori hili ni langu. Leo nimelipaki mimi, na nimelipaki hapa makusudi."

Kibemba Fidélie alikielewa, na cha kujibia alikuwa nacho cha kutosha. "Mwaiseni, mama," alimkaribisha. "Lakini mama yangu leo ana siku ya kliniki."

"Hatatoka mpaka nizungumze na wewe. Nimetuma watu wakuite mara mbili, hukuja."

"Sikuambiwa na mtu."

Memory alimwangalia kuona kama anadanganya. Aliegemea lori.

"Mama yetu alifariki Davies akiwa hajaota meno yote. Nilimlea mgongoni. Unajua alishaoa?"

Fidélie alitikisa kichwa.

"Ndivyo nilivyodhani. Hawezi kulisema. Aliitwa Joëlle, mtu wa Kilwa. Msichana mzuri, mpole kama wewe. Nilimuuliza siku ya kwanza, utabaki? Akaapa. Alishika Biblia ya marehemu mume wangu akaapa juu yake. Mwaka haukuisha, akasema anakwenda kuwasalimu wazazi. Davies alimsindikiza hadi kwenye mtumbwi, akambebea mabegi. Kila mashua iliyokuja kutoka upande ule, mdogo wangu alikuwa ufukweni. Kila mashua, unanisikia? Watu walimcheka. Mimi ndiye niliyekwenda kumshika mkono kumrudisha nyumbani ale."

Alizifumbata funguo kiganjani. Alipoendelea sauti ilikuwa kali.

"Nyinyi mmekuja kwetu, mmepaki. Sikatai, vita ni vita. Lakini siku kwenu kukitulia mtawasha injini, mtakwenda. Na mimi nitabaki na mtu aliyekaa mchangani. Kwa hiyo nijibu sasa, na nikisikia jibu nitaliondoa lori. Utabaki Zambia?"

Fidélie alifungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi. Ndiyo, neno moja, na kidaraja kingekuwa wazi, mama angekwenda kliniki, na wazee wa Davies wangekuja na heshima zao. Na alitaka waje. Hapo, kando ya lori lililoziba njia yake, ndipo alipojua kwa hakika jinsi alivyotaka waje. Hata habari ya Joëlle haikupunguza alivyomtaka Davies. Ilimfanya atake kwenda kumtafuta alipo, aketi karibu naye.

"Siwezi kuapa," alisema.

Memory alikaza macho.

"Mama yangu atakufa siku moja, na ameomba alale Pweto karibu na baba. Nitampeleka. Hata kama ni vita, nitatafuta njia. Mtu akikuambia kwamba sitavuka ziwa hili tena, anakudanganya. Nitavuka."

"Basi umenijibu."

"Sijamaliza, mama. Nitavuka, nimzike, nilie. Nikimaliza kulia nataka kurudi. Siwezi kukuahidi ziwa, wala amani, wala vita. Ninakuambia tu ninachotaka. Ninamtaka Davies. Hata yeye mwenyewe sijamwambia, wewe ndiye wa kwanza."

Barabarani walipita wachuuzi na beseni za samaki vichwani, wakageuza shingo kuwatazama wanawake wale wawili.

"Kwa nini hukusema ndiyo?" Memory aliuliza, taratibu sasa. "Ulikuwa unaliona gari. Ulijua ukisema ndiyo ninaliondoa."

"Ungeliondoa leo. Halafu kila nikienda kumuona mgonjwa ng'ambo, ungerudi kulipaki."

Memory alitoa pumzi puani, karibu na kicheko lakini haikufika. Kutoka ndani ya ua sauti ya Mama Laurentine ilisikika. "Fidélie! Ni nani? Juu ya nini hamumuingize mugeni? Kwetu mugeni hasimame ku barabara!"

"Anasema nini?"

"Anasema ninakuaibisha kwa kukusimamisha nje."

Memory alisita. Kisha alikiinua chitenge chake kidogo, akapita ukingoni mwa kidaraja, ubavu umesugua lori lake mwenyewe, akaingia ndani. Alipiga magoti mbele ya kiti. Mama Laurentine hakujua Kibemba cha maana na Memory hakujua Kiswahili cha maana, lakini walishikana mikono muda mrefu, kila mmoja akisema maneno yake ya salamu. Fidélie alitafsiri mwanzoni, halafu aliona hawamhitaji. Alisikia mama akitaja Marlène. Alisikia Memory akitaja marehemu mumewe. Akaenda kuleta mkate.

Memory alipotoka nje alijipangusa macho kwa pembe ya chitenge, akapanda kwenye lori. Kabla ya kuwasha alitoa kichwa dirishani.

"Joëlle aliniapia bila kupepesa," alisema. "Wewe umekataa. Bado sijui nifikiri nini juu yako. Lakini nitamtuma mshenga wetu. Mama yako asimsumbue sana, ni mzee, ana kikohozi."

Lori liliunguruma, likaacha njia wazi.

*

Walirudi kutoka kliniki jua limepanda. Davies alikuwa langoni, anahema, shati limelowa. Alikuwa amesikia mtu akisema dada yake yuko kwa Wakongomani na watu wamejaa barabarani.

"Amekufanya nini? Amekutukana?"

"Apana." Fidélie alikisukuma kiti cha mama hadi ndani ya lango, akarudi nje. "Aliniambia juu ya Joëlle."

Davies aligeuza uso. Ziwa lilionekana kati ya nyumba, jeupe kwa mwanga.

"Nilitaka kukuambia," alisema. "Kila nikianza nilijiona tena kwenye ule mchanga. Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Ya kumungoja mutu mwenye ulimupenda?" Fidélie alisogea karibu. Hakujali kwamba ilikuwa mchana na jirani wanatazama. "Sikiliza, Davies. Dada yako aliniuliza kama nitabaki. Nilimuambia mama akikufa nitamupeleka Pweto."

Aliona uso wake ukijikaza, kama mtu anayepokea mzigo anaoujua uzito wake.

"Utakwenda," alisema. Halikuwa swali.

"Nitaenda. Na kama weko na nguvu, utabeba jeneza pamoja na ndugu zangu. Sitaki unisindikize kwa mutumbwi. Nataka uingie."

Davies alimtazama. Mtu aliyewahi kuachwa ufukweni hajui haraka afanye nini na neno kama hilo.

"Niingie?"

"Uingie. Tuvuke pamoja, tumuzike mama pamoja, turudie pamoja. Ama unaogopa maji, mutu wa samaki?"

Hapo ndipo alipocheka, na katikati ya kicheko macho yakamlowa, akajaribu kuficha kwa bega la shati lake. Fidélie hakumwacha afiche. Alimshika mkono, ule wenye makovu ya miiba, akauweka shavuni pake, mchana kweupe, kando ya barabara ya bandari.

"Mushenga anakuja," alimwambia. "Enda umutafutie dawa ya kikohozi."